Mcheza Kwao Kafichwa Jikoni

Tangu mgahawa ule ufunguliwe pale Mwanjelwa, vijana wa Mbeya tumegawanyika kama Simba na Yanga. Wapo wanaoapa kwamba hatimaye na sisi tuna mahali pa kumpeleka mtu: taa za manjano, makochi, ukuta wa majani ya plastiki wa kupigia picha, na chakula kinacholetwa juu ya ubao badala ya sahani. Wapo wanaoapa kwamba ni wizi wa mchana kweupe, kwamba viazi vya Umalila vinakatwa vipande sita, vinapangwa kama tofali, kisha unaambiwa shilingi 18,000. Nimeona marafiki wa tangu shule ya msingi wakinuniana kwa ajili ya viazi hivyo.

Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na wenzangu, nikatoka nikiwa upande wa kwanza. Mara ya pili nilikwenda na mama yangu, nikatoka sina upande. Naandika kwa sababu naona pande zote mbili zinagombania bei, na bei siyo tatizo.

Jina la mgahawa naliacha. Wanaofanya kazi mle wanazihitaji kazi zao, na ninayoyasema yanaweza kusemwa juu ya migahawa mingi ya aina ile, kuanzia Mbeya hadi Masaki.

Nianze na mama, maana bila yeye hoja yangu haina miguu. Mama ni mama lishe. Alikuwa akipika Mwanjelwa wakati soko lilipoungua Desemba 2006. Nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka alirudi nyumbani na mwiko mmoja na ndoo isiyo na mfuniko, akaviweka uani, akaingia ndani kulala bila kuvua viatu. Wafanyabiashara wakahamia SIDO, naye akahamia. Mwaka 2011, nikiwa darasa la saba, SIDO nako kukaungua. Agosti 2017, nikiwa kidato cha sita, kukaungua tena. Kila mara alianza upya kwa sufuria za kuazima. Serikali ilipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, alikinunua cha kwake akakivaa shingoni hata akienda kanisani. Lilipokuja zoezi la kuwapanga wamachinga nchi nzima mwaka 2021, akapangwa, yaani akahamishwa tena. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye sahani za wali maharage. Leo nasoma shahada ya uzamili, na sahani hizo bado zinatoka.

Basi mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nililipwa vijisenti vya kazi ya kukusanya takwimu. Nikamwambia mama, leo hupiki, leo unapikiwa. Akavaa kitenge kipya na sweta, akafunga kilemba. Mlangoni mlinzi alinipita mimi kwa macho, akamuuliza yeye:

"Mama, unamtafuta nani?"

"Natafuta chakula, baba."

Mlinzi akacheka, tukaingia. Nilicheka pia, ila niliuhifadhi moyoni. Vijana waliokuwa mbele yetu hawakuulizwa wanamtafuta nani.

Menyu ilikuwa ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Mama aliisukuma kwangu, nikaanza kumsomea na kumtafsiria kwa sauti ndogo, kama mtu anayemsomea mgonjwa karatasi ya hospitali. Katika kurasa zile nne neno pekee lililonikumbusha mkoa wetu lilikuwa parachichi, nalo liliitwa avocado. Tukaagiza wali, nyama ya kukaanga na mboga. Mimi nikaongeza kahawa.

Mama alionja wali, akatafuna polepole. Huwa anafanya hivyo akionja wali wa mtu mwingine, hata msibani.

"Huu siyo mchele wa kwetu."

Mhudumu, binti mwenye heshima zake, akajibu, "Ni basmati, mama. Unatoka nje."

"Nje ya wapi?"

Binti akatabasamu asijue aseme nini. Na mimi, msomi wa familia, nikamkanyaga mama mguu chini ya meza. Nilitaka anyamaze. Nilitaka asionekane mshamba. Nimeyasoma madhara ya tabaka darasani; mwaka 1979 Mfaransa Pierre Bourdieu alichapisha kitabu kizima, La Distinction, kuonyesha jinsi watu wanavyotumia ladha kujitenga na wenzao. Nimekiandikia insha na nikapata alama nzuri. Siku ile nilikuwa mfano wake, mguu wangu ukiwa juu ya mguu wa mama.

Maana swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Ng'ambo ya barabara, ukiinua kichwa tu kutoka kwenye meza ile, kuna maduka ya mchele. Magunia yamefunguliwa midomo, mchele wa Kyela huku, wa Mbarali kule, mtu anachota kwa kopo anakunusisha. Watu wa Dar es Salaam wanaulipia mchele wa Kyela kwa jina, hadi wachuuzi wanabandika jina hilo hata kwenye mchele ambao haujawahi kuiona Kyela. Sisi tulioupata kwa kuvuka barabara tumeagiza wa nje ili tuonekane tumekua. Kahawa yangu nayo ilikuwa ya unga wa pakiti kutoka nchi za mbali, na Mbozi iko hapo njiani kuelekea Tunduma, inalima kahawa ya arabika inayosafirishwa kwenda kunywewa na watu wa nchi hizo hizo.

Halafu likatokea lililonifanya niandike. Mama mmoja alitoka mlango wa jikoni, kofia ya wavu kichwani, aproni imelowa. Alikuwa amemwona mama yangu kupitia upenyo. Miaka ya SIDO aliosha vyombo kwenye banda letu, na wali alifundishwa kupika pale. Alikuja mbio mbio, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama," wakashikana mikono, wakaanza kusalimiana kwa Kinyakyusa ile salamu ndefu inayouliza hadi habari za ng'ombe. Hawakufika kwenye ng'ombe. Msimamizi alisogea, akasema kwa upole, tena kwa Kiswahili safi: "Dada, rudi jikoni. Wapishi hawakai huku kwa wateja."

Akarudi. Wateja wawili walitugeukia, kisha wakaendelea na picha zao.

Bili ilikuwa shilingi 74,000. Nilitegemea mama ashike kichwa. Kwenye bajaji, tukiwa tumefika Mafiati, ndipo aliposema: "Bei si mbaya. Wana gesi, wana umeme, wana kodi ya jengo, wahudumu sita nimewahesabu. Mimi ningetoza hivyo hivyo." Akanyamaza kidogo. "Ile nyama niliijua mkono wake, tangawizi yake ni ile ile. Mbona wamemfukuza?"

Kwa hiyo, nyinyi mnaosema ni wizi, kaeni kando kwanza. Mama lishe wa miaka zaidi ya 20 ameipitisha bei. Na nina neno na nyinyi. Mnaposema chakula halisi kipo kwa mama ntilie, mnasema kweli, lakini nimewaona mkifika kwenye banda. Mnaomba mchuzi wa nyongeza, mnaomba mpunguziwe 500, mnakopa hadi boom litoke. Hamjawahi kuuliza maji ya kuoshea vyombo anayatoa wapi, wala anajisaidia wapi, wala soko lilipoungua alilala wapi. Hata jina lenyewe, ntilie, ni sauti ya mteja akiomba ajaziwe. Ndiyo maana wengi wao wanapenda kuitwa mama lishe. Mwaka 1983 nchi hii ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa kazi ndogo ndogo mijini wakakamatwa na kurudishwa vijijini kana kwamba kupika si kazi. Sheria ilipita, dharau ikabaki. Kumsifu mama lishe ili upate fimbo ya kuwapigia wenye makochi siyo kumheshimu.

Nanyi mnaoutetea mgahawa, mnaosema tuache ushamba, mji unakua, ajira zimepatikana: nakubali vyote. Mbeya ni jiji tangu 2005, na jiji linahitaji mahali pa kukaa vizuri. Sina ugomvi na kochi. Namtakia mama kochi. Lakini niambieni, kukua ni kumficha nani?

Msiniambie ni usafi, wala msiniambie ndiyo utaratibu wa dunia. Nenda kwenye baa yoyote ya nyama choma hapa nchini: mchomaji amesimama mbele, jiko linawaka mbele ya watu, mteja anakwenda mwenyewe kuchagua kipande na kutaniana naye. Jioni ikichanganya, mchomaji ndiye mtu maarufu kuliko mwenye baa. Japani, mpishi wa sushi anasimama ana kwa ana na mteja, meza ndiyo hiyo hiyo. Ufaransa, jina Champagne ni la eneo na linalindwa kisheria. Huwezi kulibandika kwenye divai ya mahali pengine. Migahawa ya kifahari ya huko inaandika kwenye menyu shamba lililotoa nyanya. Sasa sisi tumeiga taa, tumeiga ubao wa kupakulia, tumeiga na bei. Tulipofika kwenye kujivunia mahali na mpishi, tukaacha kuiga.

Wala si lazima twende Ufaransa. Iringa mjini, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi, kwenye mji ambao mtu mwenye ulemavu alizoea kufichwa nyumbani wageni wakija. Walifungua na mgahawa, na wahudumu wake ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye karatasi, au unajaribu ishara mbili tatu, wanakucheka, unakosea, unaletewa chakula. Watalii wanakwenda, na watu wa Iringa wanakwenda. Kahawa ni kahawa, keki ni keki, unalipa. Mtu ambaye jamii ilikuwa imemfungia chumba cha ndani ndiye anayekupokea mbele. Kumbe inawezekana mgahawa ukawa wa kuvutia bila kumwaibisha aliyeuendesha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwanjelwa mcheza kwao amevalishwa aproni, amewekwa nyuma ya mlango, akaambiwa asitoke mpaka wageni waishe. Wageni wenyewe ni sisi, watoto wa wateja wake wa zamani. Hilo ndilo tunalolipia pale, na ndilo nililokuwa nalilipia mara ya kwanza nilipotoka nikiwa nimefurahi: saa mbili za kujifanya hatutoki tunakotoka. Wenye mgahawa hawakulizua peke yao. Wametuuzia tulichokuwa tunakitafuta. Mguu wangu chini ya meza haukuagizwa na msimamizi.

Ndiyo maana simwambii mtu asiende. Nendeni, mkae kwenye makochi, mpige picha. Ila ulizeni. Ulizeni mchele umetoka wapi, na mkijibiwa nje, ulizeni nje ya wapi. Ombeni kahawa ya Mbozi hata mara kumi, mwenye biashara akisikia ombi mara kumi atainunua. Ombeni menyu ya Kiswahili, na msione haya mkiiomba. Mkikipenda chakula, ombeni kumsalimia aliyekipika. Na siku mtakaposikia mabanda ya mama lishe yanahamishwa tena, pazeni sauti kwa ukubwa ule ule mlioutumia kulalamikia viazi vya 18,000: wapewe paa, maji na choo kabla ya kuambiwa waondoke.

Mimi nitarudi mwezi ujao, nikilipwa tena. Mama amekubali, kwa sharti kwamba safari hii nisimkanyage. Tutaagiza nyama ile ile ya tangawizi, kisha nitamwambia mhudumu kwamba mama angependa kumaliza salamu zake na mpishi. Huenda tukaambiwa haiwezekani. Tutakaa hapo hapo, tutaagiza chai, na tutaomba tena.