Usingizi si Uvivu

Katika shule zetu za bweni kuna sifa moja ambayo sasa naichukia. Ni ile anayopewa mwanafunzi kwamba "huyu halali". Mkuu wa shule huitamka mbele ya wazazi siku ya mahafali, wazazi hupiga makofi, na mtoto mwenyewe huinamisha kichwa kwa haya. Makofi hayo nami niliyapiga kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu, kisha nikiwa mzazi. Leo najuta kuyapiga.

Nikiwa mwalimu wa zamu nilizunguka madarasani usiku na fimbo mkononi. Niliyemkuta amelaza kichwa juu ya dawati nilimwamsha kwa kiboko, nikamwambia atalala akifa. Walikuwapo waliotumbukiza miguu ndani ya ndoo ya maji baridi ili wasisinzie, na hao niliwataja paredi wawe mfano kwa wenzao. Sikumbuki hata mara moja kujiuliza kama mtoto yule aliyekodoa macho mekundu mbele ya kitabu alikuwa anasoma kweli au anatazama tu.

Somo nililipata kwa binti yangu. Alipofika kidato cha nne alianza kulalamikia macho. Alisema yanamuuma kwa ndani kana kwamba yametiwa mchanga, na ikifika adhuhuri kichwa kinambana kama amefungwa kamba. Shuleni wakampa vidonge vya kutuliza maumivu, akavizoea kama peremende. Likizo ilipofika nikampeleka mjini, nikamnunulia miwani kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza kuliko kupima. Shangazi yake akasema kuna aliyemtupia jicho. Fedha zikatoka, maumivu yakabaki.

Mwishowe tukafika kwa tabibu mmoja wa zahanati, mama wa makamo. Alimpima joto na shinikizo la damu, akamtuma kwenye kliniki ya macho, nako wakatuambia binti anaona vizuri wala hahitaji miwani. Tuliporudi akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza: "Mwanangu, huko shuleni unalala saa ngapi?"

Binti akajibu bila kusita: "Tunalala saa sita, mama. Kengele inalia saa tisa na nusu."

Tabibu akanigeukia. "Baba, mtoto halali hata saa nne, nawe unamnunulia miwani?"

Sikuwa na la kujibu. Mimi, mwalimu wa miaka yote ile, nilielezwa jambo ambalo bibi yangu asiyejua kusoma alilijua. Anayekodolea kitabu hupepesa macho mara chache, na machozi yanayolainisha jicho hukauka. Misuli midogo ndani ya jicho, inayokaza ili tuone kitu cha karibu, hukaa kazini bila kupokezana. Paji la uso na shingo navyo hukaza. Usingizi ndio wakati wa kulegea, nasi tumeufuta. Isitoshe, asiyelala huhisi maumivu upesi zaidi, na mwenye kipandauso huamshiwa ugonjwa wake. Hata vile vidonge vina hila yake: mtu akivimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, vyenyewe vyaweza kuwa chanzo cha kuumwa kichwa.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mwaka 2000 watafiti Williamson na Feyer walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya kazi vibaya kama mtu aliyelewa kidogo, au kumpita. Hebu tupige hesabu. Aliyeamshwa saa tisa na nusu ya usiku hutimiza saa 17 ifikapo saa mbili na nusu usiku unaofuata, wakati prepo bado mbichi. Tungemkuta mwanafunzi na chupa darasani tungemfukuza siku hiyo hiyo. Huyu wa pili tunampa zawadi.

Najua mtakayosema. Mtasema mchumia juani hulia kivulini. Naam, lakini methali yenyewe imesema juani, haikusema gizani. Hata ng'ombe wa kulimia hufunguliwa nira jioni, kwa kuwa mwenye ng'ombe anajua kesho lipo shamba jingine. Mtasema ninyi mlisoma hivyo mkafaulu. Mliofaulu mpo mnasema. Walioanguka hatukuwauliza walilala saa ngapi. Mtasema muda hautoshi na mitihani ni migumu. Lakini aliyosoma mtoto mchana huwekwa sawa kichwani wakati amelala, na kumnyima usingizi ni kujaza maji kwenye pakacha.

Sisemi kwamba kila kichwa kinachouma kimekosa usingizi. La hasha. Mwenye homa na shingo iliyokakamaa, mwenye jicho jekundu linalouma ghafla huku akitapika na kuona duara za rangi kwenye taa, na yeyote ambaye uoni unampotea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hata hao wengine wapimwe kwanza, kama tabibu yule alivyofanya. Ninachosema ni kwamba swali lake nalo liulizwe, na liulizwe mapema.

Nililiuliza katika mkutano wa wazazi. Walicheka. Mmoja alisema mwalimu mstaafu anataka shule igeuzwe nyumba ya wageni. Nikamtoa binti bwenini, akamalizia mwaka akitokea nyumbani, akilala saa nne na kuamka saa kumi na mbili. Wiki chache baadaye aliacha kushika paji la uso wakati wa chakula, na ile miwani ikabaki kabatini. Matokeo yake ya mtihani sitayataja. Akiwa alifaulu mtasema ni akili ya kuzaliwa, na akiwa alifeli mtasema ni usingizi.

Ninachotaka si kikubwa. Taa za bweni zizimwe saa nne, na kengele isilie kabla ya saa kumi na mbili. Anayeona hilo ni anasa na akeshe yeye mwezi mmoja, kisha aje tuzungumze.

Na ninyi niliowaamsha kwa kiboko, wengi wenu sasa ni wazazi, wengine ni walimu. Nawaomba radhi. Yapo niliyowafundisha ambayo ningependa myarithi. Hili msirithi.