Mgeni wa Launji Ana Mwenyeji: Majibu kwa Madai Sita

Kila Desemba ndege za kwenda Bukoba hujaa wana wa Kagera wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na kila Januari zile za kutoka huko hujaa tena wakirejea Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na London. Safari hizo zimeacha nyuma maarifa mengi ya mdomoni kuhusu launji, ule ukumbi wa viwanja vikubwa wenye makochi, chakula na intaneti. Maarifa hayo hupita kutoka kwa shemeji kwenda kwa binamu, kwenye harusi za Kamachumu na kwenye misiba ya Bukoba mjini, na mengi si ya kweli. Matokeo yake huonekana mlangoni. Mzee yuko mbele ya dawati ndani ya koti lake la safari, kijana aliyemleta anabishana na mhudumu, na foleni nzima nyuma yao inasikiliza.

Aibu ya pale humpata mgeni, ambaye hakuomba kuja. Ndiyo maana nayachukua madai haya kwa uzito na kuyajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni huu: ukimwambia mtu "njoo nikuingize", umekuwa mwenyeji wake, na mwenyeji huuliza nyumba ina nafasi kiasi gani kabla hajaalika.

Dai la kwanza: "Nina tiketi ya daraja la biashara, kwa hiyo naingia na familia yangu"

Tiketi ya daraja la biashara kwa kawaida humwingiza yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Mke, watoto na shemeji waliokata daraja la kawaida hawaingii kwa tiketi yako, hata kama mlinunua siku moja na mnapanda ndege moja.

Ruhusa ya kuingia na mgeni hutoka kwingine, kwenye uanachama wa wasafiri wa mara kwa mara, tena wa ngazi ya juu. Miungano mitatu mikubwa ya mashirika ya ndege inafanana katika jambo hili. Mwenye ngazi ya Gold ya Star Alliance, ambako Ethiopian Airlines imo tangu 2011, anaruhusiwa mgeni mmoja. Vivyo hivyo mwenye Elite Plus ya SkyTeam, ambako Kenya Airways imo tangu 2010, na mwenye Sapphire au Emerald ya oneworld, ambako Qatar Airways imo tangu 2013. Mgeni ni mmoja, na watoto nao mara nyingi huhesabiwa, isipokuwa wachanga ambao launji nyingi huwapokea bila kuwahesabu.

Anayeona huu ni uchoyo afanye hesabu. Dreamliner ya Air Tanzania ya aina ya 787-8 ina viti 262, na vya daraja la biashara ni 22. Kila mmoja wa hao 22 akiingia na ndugu watatu, watu wanakuwa 88, na hiyo ni ndege moja tu. Tena mashirika mengi hayana launji yao katika kila uwanja. Huilipa kampuni inayoiendesha, na malipo huhesabiwa kwa kichwa. Mhudumu anayekukatalia shemeji yako hana chuki naye. Kila anayepita pale ana ankara, na kwa shemeji hakuna aliyekubali kulipa.

Dai la pili: "Kadi ni kadi, naingia nayo popote"

Dai hili huwaumiza zaidi watu wa Bukoba na Muleba, kwa sababu safari zetu nyingi ni za kuunganisha. Mchukue mtu wetu anayeishi Ulaya mwenye Gold ya Star Alliance. Ametua Dar es Salaam akitokea Addis Ababa, sasa anasubiri ndege ya Bukoba, na mama yake mdogo amekuja kusafiri naye. Anaitoa kadi kwa ujasiri, na anakataliwa.

Mhudumu hakukosea. Launji haiangalii ndege uliyoshuka pekee. Huangalia hasa ile unayokwenda kupanda. Air Tanzania na Precision Air, ambazo watu wengi wa Kagera huzitegemea, haziko katika muungano wowote kati ya ile mitatu. Kwa kipande cha Dar es Salaam hadi Bukoba, kadi yake ya muungano haimpi haki ya launji, wala haimpi mgeni. Siku atakaporudi Ulaya, kadi ileile itafanya kazi Dar es Salaam, kwa kuwa hapo anapanda ndege ya Ethiopian. Kama anataka kuingia na mama mdogo, naye awe anasafiri siku hiyo kwa ndege ya shirika la muungano huo. Kwenye pasi ya kupandia ndege, mwenye Gold huwekewa alama ya nyota na herufi G. Itazame kabla ya kusogea dawatini, maana mhudumu naye ataangalia hapohapo.

Kadi zinazotolewa na benki zina sheria zake. Mpango wa Priority Pass, ulioanzishwa mwaka 1992, haujali unapanda ndege ya shirika gani wala umekaa daraja gani, na kwa abiria wa Bukoba anayepita viwanja vikubwa huo ni msaada wa kweli. Ila neno "bure" linategemea mkataba wako na benki yako. Mikataba mingine inajumuisha mgeni, mingine inakuhesabia idadi ya kuingia kwa mwaka, na mingine inakutoza kwa kila mgeni. Mgeni hukaribishwa kwa tabasamu, anakula na anashukuru, kisha wiki kadhaa baadaye deni linatokea kwenye taarifa ya akaunti yako. Ukiuliza mapema, utajua kama unachomkaribishia unakimudu. Uliza pia muda, kwa sababu launji nyingi za mpango huo hazipokei mtu zaidi ya saa tatu kabla ya ndege yake. Kufika alfajiri kusubiri ndege ya jioni hakumpi mtu kochi la kutwa.

Dai la tatu: "Mgeni ni yeyote niliyekuja naye, hata aliyenisindikiza"

Bukoba ni mji wa kusindikizana. Uwanja wa ndege uko mjini kabisa, kando ya ziwa, na mtu mmoja anayekwenda Dar es Salaam anaweza kufika na gari zima kutoka Muleba, kuanzia mama mkubwa na kaka hadi jirani na watoto waliotaka kuona ndege. Ni desturi njema na sitaki ife. Lakini ina mpaka, nao ni mlango wa ukaguzi. Launji nyingi ziko ng'ambo ya mlango huo, na anayevuka ni mwenye pasi ya kupandia ndege ya siku ile. Katika kanuni hizi, mgeni ni abiria mwenzako.

Wapo wanaosema huo ni urasimu wa kuletwa. Sisi wa Kagera tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, ilijulikana kwamba waliokuwamo ni 43, na 19 kati yao walifariki. Uchungu wa siku ile haupimiki. Hata hivyo, kila aliyepanda alikuwa ameandikwa, na hakuna familia iliyobaki ikiuliza kama ndugu yao alikuwamo au hakuwamo. Kanuni inayotaka kila aliyevuka ukaguzi awe na jina, ndege na saa inatoka kwenye mantiki hiyohiyo. Tusiidharau kwa ajili ya soda na kochi.

Dai la nne: "Ile ni sehemu ya wakubwa, mtu wa kawaida hata asijaribu"

Hapa watu huchanganya vyumba viwili. Viwanja vyetu vikubwa vina chumba cha VIP, ambacho ni cha viongozi na wageni wa serikali, na huko hakuna kadi ya benki inayofungua mlango. Launji ya kibiashara, ambayo viwanja vingine huiita CIP, ni ya mteja yeyote aliyetimiza masharti, na baadhi yake hupokea hata anayelipa taslimu pale mlangoni.

Ni kweli kwamba historia yake ilianza kwa upendeleo. Launji ya kwanza ya shirika la ndege ilifunguliwa na American Airlines katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, na kwa miaka mingi waliingia wale walioalikwa na shirika. Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwalimu wa Rubya anayesafiri kwa daraja la kawaida, akiwa na uanachama au fedha ya kiingilio, ana haki sawa na mkurugenzi aliyekaa kochi la jirani. Asiingie kwa unyonge, na asikubali kuulizwa swali ambalo mkurugenzi hakuulizwa.

Dai la tano: "Mle kila mtu hujihudumia, mgeni wangu atajijua"

Katika yote sita, hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu anayelitoa anakuwa amekwisha kuingia. Kanuni amezifuata zote, na bado amemwacha mgeni wake.

Mtazame mzee wa Muleba anapoingizwa mle. Anakaa alipoonyeshwa. Chakula kimepangwa mezani hatua chache kutoka kwake, wali, mayai, matunda, chai kwenye birika, na watu wanapita na sahani. Mzee haendi. Katika malezi yake, mtu hainuki na kujipakulia kwenye nyumba ya wenyewe kabla hajakaribishwa. Kwa Wahaya mgeni anapofika hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, na hupewa kwa mkono wa mwenye nyumba; mengine hufuata baadaye. Mzee huyu anausubiri mkono huo. Kijana yuko kwenye simu yake. Saa mbili zinapita, na baba anapanda ndege na njaa yake huku chakula kilikuwa mbele ya macho yake.

Mwenyeji wa mle ndani ni wewe uliyetoa kadi. Mketishe mzee kwanza, mwonyeshe maliwato, kisha nenda naye mezani au umletee sahani, na umwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba hapa hakuna anayekaribisha, kila mmoja huchukua. Mwambie kipi kina nguruwe na kipi kina pombe, maana vibandiko vingi vimeandikwa Kiingereza. Usimwache peke yake. Mgeni aliingia kwa jina lako, na launji nyingi hutaka mwanachama awepo muda wote ambao mgeni wake yumo. Zaidi ya yote, angalia saa. Launji nyingi hazitangazi ndege. Mtu aliyezoea kusikia safari ikiitwa kwa kipaza sauti anaweza kukaa hapo akisubiri tangazo lisilokuja, na ndege ikaondoka.

Dai la sita: "Kila kitu kimelipiwa, kwa hiyo nina haki ya kubeba na kufanya nitakavyo"

Kilicholipiwa ni kula na kupumzika ukiwa mle. Kujaza mkoba maji, keki na soda za safarini ni kuchukua sehemu ya anayekuja baada yako. Ugenini hula mtu akashiba, sufuria akaliacha.

Utulivu nao ni wa wote. Simu ya video yenye sauti kubwa, mazungumzo ya kiwanja cha Muleba yanayosikika hadi mapokezi, mikoba mitatu juu ya viti vitatu, vyote hivi huwanyima wengine kile walichokifuata. Na kopo la senene ulilobebea ndugu wa Dar es Salaam, chakula chetu tunachojivunia, lifunguliwe huko liendako, ambako wanalisubiri kwa hamu. Ndani ya ukumbi uliofungwa, harufu ya chakula chochote cha kubeba huenea kwa watu wasioweza kuikimbia. Launji nyingi pia hukataza chakula cha nje.

Deni la upande wa pili

Waendeshaji wa launji nao wana la kujibu. Abiria wengi wa viwanja vya Tanzania wanazungumza Kiswahili, lakini masharti ya mgeni mara nyingi yamejificha kwenye tovuti ya Kiingereza, na msafiri huyajua akiwa tayari amesimama dawatini na mzazi wake. Karatasi moja ya Kiswahili kando ya mlango, ikisema nani anaingia, mgeni anahesabiwaje na anatozwa kiasi gani, ingezuia fedheha nyingi. Mhudumu naye anapolazimika kukataa, amwite mwenye kadi pembeni. Mzee apewe shikamoo yake na kiti wakati wengine wanazungumza.

Kwako unayeiamini kadi yako, yapo maswali matatu ya kuuliza kabla ya kumwalika mtu: kadi hii inakubali mgeni kwa ndege ninayopanda leo, inakubali wangapi, na nani atalipa? Piga simu kwa shirika au benki ukiwa bado nyumbani. Jibu likiwa hapana, mnunulie mama chai kwenye mgahawa wa uwanjani na ukae naye. Amekuja kukaa na mwanawe, na hilo halihitaji kadi.