Haya isiwe kizuizi cha tiba

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Kuanzia mwaka 2001, wanawake 49,528 wa Marekani na Kanada walijitolea kupigwa picha za matiti kwa njia mbili, ya filamu na ya dijitali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kuwa dijitali huigundua saratani vizuri zaidi kwa walio chini ya miaka 50. Faida hiyo imewafikia wanawake ambao wao hawakuwajua.

Basi tunawausia waume: mke akiombwa kushiriki utafiti kama huo, aelezwe madhara na manufaa, ahudumiwe na mwanamke mwenzake inapowezekana, na uamuzi uwe wake. Sitara ni wajibu, lakini haja ya tiba ina ruhusa yake. Kumficha mgonjwa hadi ugonjwa usambae si haya, ni dhuluma. Wallahu a'lam.