Kama Kalenga Sio Mji, Basi Tunachora Mji Gani?

Wadau wangu wa Iringa, leo nina jambo. Nisomeni mpaka mwisho halafu mnichane huko chini kwenye maoni.

Kuna kikundi cha wanafunzi wa sanaa hapa kwetu, majina naweka kapuni. Wamepewa kazi ya pamoja: wachore "mji wetu" kwenye ukuta mmoja. Mawazo yaliyopita ni stendi, bajaji, jiwe la Gangilonga na taa za usiku. Binti mmoja anayetokea Kalenga akasema waanzie kwao. Akajibiwa, "Kule kijijini bwana, sisi tunachora mji." Watu wakacheka, wazo likafa.

Mimi nasema hapo wamechemka.

Jina Iringa linatokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Ngome gani? Ya Mtwa Mkwawa, na ilikuwa Kalenga, pembeni ya Ruaha Mdogo. Wajerumani walichapwa Lugalo Agosti 1891, wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome Oktoba 1894. Mwaka 1896 wakaanzisha kituo chao huku juu mlimani, wakakiita Iringa Mpya. Yaani huu mji tunaojidai nao ulichukua jina Kalenga ukapanda nalo mlimani. Sasa ukimwambia mtu wa Kalenga kwao sio mji, unamwibia mara ya pili.

Utetezi wao naujua: "Kalenga ni fuvu tu, kila mtu kashachora Mkwawa na mkuki." Hapo nawapa nusu. Lile fuvu lilichukuliwa baada ya kifo chake 1898, likadaiwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi 1954, na leo lipo makumbusho palepale Kalenga. Ni kichwa cha mzee wa watu, sio pambo la kutafutia likes. Mliache lipumzike.

Lakini Kalenga ina watu walio hai, jamani! Kuna vijana wanaopanda boda asubuhi kuja kusaka hela mjini na kurudi usiku. Kuna mazao yanayoshuka sokoni tunayokula sisi wa mjini. Kuna ardhi ilipokuwa ngome, na leo watu wanaishi juu yake. Hizo zote ni picha, tena mpya kabisa.

Ushauri wangu ni wa bure. Choreni barabara. Ianzie kwenye ngome Kalenga, ipande kama kilomita 15 mpaka mjini, bajaji zenu na taa zenu zikae mwishoni. Hata Gangilonga mliyoipenda haitoki nje ya stori: wazee wanasema Mkwawa alikuwa akienda pale kukaa na kuwaza. Mmekataa Kalenga mlangoni, imeingia dirishani.

Na kitu kingine. Kazi ya kikundi sio mashindano ya nani ana sauti kubwa. Ukimcheka mwenzako kwa sababu ya anakotoka, kesho hatoi wazo tena, na ukuta wenu unafanana na kalenda ya duka la simu.

Dada wa Kalenga, kama unasoma hapa, lirudishe wazo lako mezani. Rangi bado haijagusa ukuta.

Haya, wana Iringa: kwako mji unaanzia wapi? Twende kazi hapo chini, ila matusi nafuta.