Kwa ndugu wa Kasindi: Jenerali Dallaire, kutoka jeshini hadi Seneti

Kwa wazee, mama na vijana wa Kasindi-Lubiriha, Beni na Butembo,

Roméo Dallaire, afisa wa mizinga wa Kanada, alizaliwa tarehe 25 Juni 1946 huko Denekamp, Uholanzi. Baba yake alikuwa askari Mkanada, mama yake Mholanzi. Alikulia Montréal, akasomea uafisa, akapanda cheo hadi cheo kwa utulivu wa wakati wa amani. Mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukamleta Maziwa Makuu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga mpaka. Waangalizi wa UNOMUR walikaa Kabale, Uganda, ili silaha zisivuke kwenda kwa waasi wa RPF nchini Rwanda. Dallaire alisimulia baadaye kwamba jeshi la Uganda lilitaka lijulishwe nusu siku kabla ya kila doria. Anayejua jinsi mizigo inavyovuka mto Lubiriha usiku hahitaji kuambiwa doria ya namna hiyo ilikamata nini.

Oktoba 1993 akawa kamanda wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, huko Kigali. Tarehe 11 Januari 1994 aliandikia New York: kuna mpasha habari, kuna maghala ya siri ya silaha, na Dallaire yuko tayari kuyavamia. Barua hiyo ilikwenda kwa Jenerali Maurice Baril, mshauri wa kijeshi, Mkanada mwenzake. Jibu la makao makuu likawa hapana, kwa kuwa mamlaka ya kikosi hayakuruhusu. Tarehe 7 Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza, askari 10 wa Ubelgiji wa kikosi hicho waliuawa, na nchi yao ikaondoa wengine. Wiki mbili baadaye Baraza la Usalama likapunguza kikosi kizima hadi watu 270. Dallaire alikataa kuondoka, akabaki na mabaki ya jeshi, Waghana wa Jenerali Henry Anyidoho wakiwa nguzo yake. Walilinda maelfu ya watu waliokimbilia uwanja wa Amahoro na kwingineko, huku nje mauaji yakiendelea. Julai wakimbizi wakafurika Goma, kipindupindu kikawamaliza wengi, na Kivu haijatulia tangu hapo.

Kasindi nayo ina hesabu yake na kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 31 Julai 2022 askari wa Monusco, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, waliokuwa wakitoka likizo walifyatua risasi kwenye kituo cha mpaka, raia wakafa. Kigali askari walizuiwa kutumia silaha palipohitajika; Kasindi walizitumia bila sababu iliyoelezeka. Makosa hayo mawili hayafanani, na si haki kuyatetea yote kwa neno "mamlaka".

Dallaire alirudi Kanada akapewa cheo cha luteni jenerali, na mwaka 1998 akatoa ushahidi Arusha katika kesi ya Akayesu. Lakini akili yake ilikuwa imejeruhiwa. Aprili 2000 jeshi lilimstaafisha kwa ugonjwa. Juni akakutwa hajitambui kwenye benchi la bustani huko Hull, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, pombe ikiwa imechanganyika na dawa. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo, na uwazi huo uliwafungua midomo askari wengi.

Machi 2005 Waziri Mkuu Paul Martin alimteua seneta wa Quebec. Hadi Juni 2014 alishughulikia maveterani na, zaidi ya yote, watoto wanaobebeshwa bunduki, wale wanaoitwa kadogo. Taasisi aliyoianzisha mwaka 2007 iko Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax. Hoja yake ni ya kijeshi kuliko ya huruma: makamanda humchagua mtoto kwa kuwa ni silaha rahisi, hivyo askari na polisi wafundishwe mapema la kufanya wanapokutana naye. Mwaka 2017 serikali ya Kanada ilizindua Kanuni za Vancouver kwa msingi huo.

Kwa Beni na Butembo, ambako makundi yenye silaha ya Mai-Mai na ADF yameendelea kuchukua watoto, kazi hii ya pili ya Dallaire ina uzito zaidi kuliko nishani zake. Askari yeyote anayetumwa huko, awe wa FARDC, jeshi la Kongo, au wa Monusco, aulizwe kwanza na viongozi wa mtaa: amefundishwa nini kuhusu kadogo?

Wenu wa ughaibuni,
Montréal