RAM hainunuliwi kwa macho, mshikaji!

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi, maana kuna mshikaji wangu wa Sinza kapata balaa, na sitaki likukute na wewe.

Mshikaji ana steshenari. Anachapa barua, CV na kazi za wanachuo. Kompyuta yake ya mezani ni mtumba wa mwaka 2012, RAM yake GB 4 tu. Ukifungua mafaili matatu inaanza kujikongoja kama bibi kizee. Akavunja kibubu, akaenda mjini, akarudi na RAM ya GB 8. Kuipachika, ikagoma. Akaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikalia "ka!" Kuwasha tu, harufu ya kuungua! Mazabodi kwisha kazi, na wateja wakahamia duka la jirani.

Alichemsha wapi? Mashine yake inatumia DDR3, yeye kanunua DDR4. Ukizitazama juu juu ni Kulwa na Doto, urefu ule ule. Lakini DDR3 ina pini 240 na volti 1.5, wakati DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. Hata DDR5, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ina pini 288 ila haiingiliani na DDR4. Kila aina ina kijipengo chake pale chini, na kimewekwa mahali tofauti makusudi ili isiingie kwa mwenzake. Kwa hiyo RAM ikigoma, ujue hapo si kwao. Acha ubabe!

Sasa ufanyeje? Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi kwanza, halafu ichomoe RAM ya zamani usome karatasi yake. Ukiona PC3 ni DDR3, ukiona PC4 ni DDR4. Nenda nayo dukani, muuzaji asikubabaishe. Ya laptop ni fupi, haikuhusu. Na ukiona herufi R mwishoni, kama PC3-12800R, hiyo ni ya seva. Bei yake inaweza kukutamanisha, lakini kwenye kompyuta ya kawaida haiwaki.

Halafu kila mazabodi ina kikomo chake. Angalia kwenye kitabu chake inabeba GB ngapi, usije ukaitwisha mzigo isiouweza. Na kama Windows yako ni ya biti 32, hata uweke GB 16 itaishia kwenye 4. Badilisha kwanza uweke ya biti 64, kama prosesa inaikubali.

Ukichanganya RAM za kasi tofauti, zote zitafuata mwendo wa ile ya polepole. Ndiyo maana mafundi wanapenda mbili zinazofanana. Mara nyingi GB 4 mbili zinakimbia kuliko GB 8 moja.

Mshikaji mwenyewe kaniruhusu nisimulie, ila jina kanikataza. Sasa hivi anachapa kwa kompyuta ya kuazima, na ile RAM mpya iko kwenye droo, nzima kabisa haina wa kuitumia. Dakika tano za kusoma karatasi zingemwokoa.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mapenzi yanarudi, usihofu!