Umri Si Ugonjwa

Kila nikipiga simu Sericho, mama huanza na salamu ndefu: mvua, mbuzi, majirani, nani kaolewa. Magoti na vidole vyake huvitaja mwisho, haraka haraka, kama mtu anayeomba radhi. "Ni umri tu, mwanangu."

Ana miaka 47. Leo nataka kugombana na hiyo "tu".

Miaka 47 si uzee. Wanasiasa wa umri huo hapa Nairobi bado wanajiita vijana. Lakini mwanamke wa Sericho akisema vidole vinakakamaa asubuhi, anaambiwa ni umri, ni baridi, ni kazi nyingi, meza dawa ya maumivu. Huo si uchunguzi. Ni kumfukuza mgonjwa kwa heshima.

Jibu la pili la haraka ni "brusela". Hili ni gumu zaidi kwa sababu huenda likawa kweli. Brusela hutoka kwa mifugo: unakunywa maziwa mabichi, au unamzalisha mbuzi kwa mikono mitupu. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Mahali ambapo watu wanaishi kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, lazima itafutwe. Lakini kutafuta si kubahatisha. Tafiti zilizofanywa hapa Kenya zimeonyesha kwamba kipimo cha haraka kilichozoeleka huwaambia wengi "unayo" ilhali hawana. Na aliye nayo kweli anahitaji dawa zaidi ya moja kwa pamoja, kwa kawaida wiki sita. Mama aliuziwa vidonge vya siku tano kwenye kemisti moja. Kama anayo, hakutibiwa. Kama hana, pesa ilitupwa.

Na kama si brusela? Pengine ni gegedu la goti limelika. Hapo mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza mizigo husaidia sana. Pengine ni baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 18 walikuwa nayo mwaka 2019, na karibu asilimia 70 ni wanawake. Ikigunduliwa mapema kuna methotreksati, dawa ya mara moja kwa wiki inayoendana na vipimo vya damu. Ikiachwa, vidole hupinda na havinyooki tena.

Magonjwa matatu, tiba tatu. Diklofenaki haiponyi hata mmoja. Inatuliza tu, na ukiimeza miezi na miezi inaumiza tumbo na figo, na kupandisha presha.

Sasa tuseme ukweli, sisi tuliohamia mjini. Miaka miwili nimekuwa nikituma pesa ya dawa. Mia tano leo, elfu mwezi ujao, kisha nalala nikijiona mtoto mwema. Sikuwahi kutuma pesa ya vipimo. Nauli ya Sericho hadi Garbatulla, kisha Isiolo, na pahali pa kulala, ni pesa nyingi. Kwa hivyo nilinunua kilicho rahisi: kimya chake.

Kuna watakaosema nyanya zetu walibeba maji na kunywa maziwa mabichi bila kulalamika. Nani aliwauliza? Wengine watasema Sericho ina shida kubwa kuliko magoti: ukame, maji, usalama. Sawa. Lakini hayo maji yanafikaje nyumbani? Pasipo na mfereji, magoti ya mama ndiyo mfereji.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno nchini, na wengi wako Nairobi, kwa hivyo siombi bingwa kila kijiji. Naomba kipimo cha brusela kinachoaminika, eksirei isiyohitaji safari ya kutwa, na kliniki ya viungo inayofika Garbatulla hata mara moja kwa miezi mitatu. Naomba pia mhudumu anayeuliza maswali kabla ya kuandika dawa.

Juzi niliuliza mimi: "Mama, asubuhi vidole vinachukua muda gani kufunguka?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mpaka jua lifike mlangoni."

Daktari angeandika hilo, kwa sababu vidole vinavyokakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi ni dalili ya kufuatilia. Miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Mwezi ujao sitatuma pesa ya vidonge. Naenda kumchukua, tupande gari pamoja hadi Isiolo. Na wewe, usiku wa leo piga simu nyumbani. Wakikujibu "ni umri tu", usikubali.